Tumbo la Mtu Mmoja na Sinia la Watu Wote

Katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano alikuwako ndugu mmoja ambaye kwa miaka kumi na miwili hakukosa kikao ila kwa safari au kwa homa. Jina lake hatulitaji, maana hakututuma. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa, na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikuwa tukilifanyia mzaha tumbo lake, naye akicheka pamoja nasi. Mzaha ukisha, sinia la sambusa na mahamri hupita, na siku zote lilianzia kwake. Alipotwambia kwamba tabibu amemwona na maradhi ya sukari, tulisikitika, tukamwombea dua, na wiki iliyofuata tukampitishia sinia lile lile tukimwambia, "Onja kimoja tu, Shekhe, kimoja hakidhuru." Mwaka huu amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti.

Tulipotoka kumzuru hospitali, mmoja wetu alisema neno ambalo watu wengi hulisema, kwamba mtu ndiye adui wa nafsi yake, na lau angalijizuia yasingalimfika haya. Mwengine akamjibu, "Na zile sambusa alikuwa akizileta nani?" Hakuna aliyejibu mpaka tukafika barabarani. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Mtu anapozidi uzito hata mwili wake ukamgeukia, je, lawama ni yake peke yake, au sisi tuliokaa naye tuna fungu letu?

Kwanza na tuondoe dhana mbaya. Unene haumpimi mtu dini yake wala akili yake. Ziko nyumba ambazo watoto wake huzaliwa na asili ya kunenepa upesi, na wako wanaokula kidogo kuliko jirani zao na miili yao ikajaa vilevile. Wako pia wembamba walioshikwa na sukari. Lakini haya hayaondoi madhara. Mafuta yanayojikusanya tumboni huidhoofisha kazi ya insulini, nayo ndiyo inayoifungulia sukari njia ya kutoka katika damu na kuingia katika mwili ili itumike. Sukari ikikaa damuni kwa miaka, huharibu mishipa mikubwa na midogo, hata mguu ukapoteza hisia. Mtu hukanyaga msumari asijue, na kidonda hakiponi kwa kuwa damu haikifikii sawasawa. Mguu wa ndugu yetu ulikwenda kwa lengelenge la kiatu kipya cha Idi.

Wala yeye si mmoja. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba katika kila wanawake wazima 100, kiasi cha 38 wamezidi uzito unaofaa, na katika wanaume 100, kiasi cha 17. Tofauti hiyo baina ya wanawake na wanaume tutairudia, maana ndani yake mna neno linalotuhusu sisi wanaume.

Hapo zamani unene ulikuwa alama ya neema. Bibi harusi akisha kaa nyumbani kwa mumewe mwaka mmoja asinawiri, watu walinong'ona kwamba hatunzwi. Mwanamume mwenye kitambi alikuwa ni mtu aliyefika. Kisha yakaja maradhi ya UKIMWI, na kukonda kukawa ndiyo tuhuma mbaya kuliko zote. Wako watu waliokula kwa nguvu ili wasisemwe. Hatuwacheki. Jamaa nzima iliposoma mwili wa mtu kama barua ya wazi, haikuwa ajabu mwenye mwili akataka barua yake isomeke vizuri. Ila mtaona kwamba tangu hapo mwanzo tumbo halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la watu wote, wakilitazama, wakilisifu na kulitia maneno.

Sasa na tuje kwenye hoja ya yule ndugu wa kwanza, maana si hoja nyepesi. Anasema: mkono ni wangu, mdomo ni wangu, na siku ya hisabu sitaulizwa juu ya tumbo la jirani. Kweli, nasi hatumpingi. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji na moja la pumzi, tumeyasoma sote tangu chuoni, na hayakuelekezwa kwa halmashauri, yameelekezwa kwa mtu. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imewekwa pamoja na katazo la israfu, na kila msomaji hujijua mwenyewe alipo. Mwenye kusema kwamba hana hiari kabisa, kwamba ni sinia tu lililomla, huyo ameikimbia amana aliyopewa. Mwili ni amana, na una haki juu ya mwenyewe.

Lakini fikihi yetu haikusimama hapo. Tumefundishwa kwamba ziko faradhi za aina mbili. Iko faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, kama swala tano, ambayo mtu hawezi kumtendea mwenziwe. Na iko faradhi ya kutosheleza, kama kumkosha maiti na kumzika: wakiifanya baadhi ya watu, wengine wamevuliwa, na isipofanywa na yeyote, mji mzima una dhambi. Mtu akifa katika mtaa wetu, hatuulizi kama alikuwa mlafi. Tunatoka sote, tunafunga maduka, tunalibeba jeneza mpaka kaburini. Basi twauliza: je, faradhi hii ya pamoja huanza mtu anapokata roho tu? Miaka kumi na miwili kabla ya jeneza, mji huu haukuwa na deni lolote kwake?

Sisi twaona kwamba lilikuwako. Kujizuia ni juu ya kila mtu. Kuweka mahali pa kuweza kujizuia ni juu ya sote. Mtu hawezi peke yake kubadili chakula cha harusi, wala kujenga njia ya kupita kwa miguu, wala kuufungua uwanja uliofungwa kwa kufuli. Na mtu anayeambiwa ajizuie mahali ambapo kila mkono unamsukumia tonge ameachiwa mzigo wa watu wengi aubebe kwa kichwa kimoja.

Tazameni ukarimu wetu, ambao ni sifa njema ya pwani hii na hatutaki kuupunguzia heshima yake. Mgeni akiingia hupewa chai ya maziwa yenye sukari iliyokwisha tiwa jikoni, asiulizwe. Akimaliza kikombe hujazwa cha pili. Ikija sahani, mama mwenye nyumba husema, "Kula mwanangu, hujala kitu," na mgeni akisema ameshiba, mwenye nyumba huapa: "Wallahi utaongeza." Sasa mgeni afanye nini? Akiongeza amejidhuru, asipoongeza amemvunja mzee kiapo chake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kutiwa ni bora isizidi kiasi cha vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima kwa siku nzima. Katika nyumba mbili za Kuze, kabla ya adhuhuri, mtu mwenye adabu amekwisha vimaliza vyote, na bado hajafika nyumba ya tatu.

Na harusi? Sinia la biriani huwekwa mbele ya watu wanne au watano. Kula pamoja kuna baraka, na sinia limewafundisha watoto wetu kutotofautisha tajiri na maskini. Lakini sinia halina kipimo cha mtu mmoja. Mtu hula kwa mwendo wa mwenziwe, na wa kwanza kuondoa mkono huonekana kama amekasirika. Wali ndio mlima, nyama iko juu ya mlima, na kachumbari huja katika kisahani ambacho paka asingetosheka nacho. Kisha soda, na soda ya kola ya chupa ndogo ya mililita 300 peke yake ina zaidi ya vijiko 7 vya sukari. Wazee wetu wa islahi walikemea israfu ya harusi na matanga kwa ajili ya mali inayopotea. Sisi twaongeza kwamba mali aghalabu hurudi, na mguu haurudi.

Juu ya Ramadhani tutasema kwa ufupi, maana kila mwaka husemwa. Mwezi wa kupunguza umekuwa mwezi wa kuongeza. Baada ya tende na maji huja uji wa sukari, tambi, kaimati, viazi karai, mahamri, kisha tarawehe, kisha kula tena, kisha daku, kisha usingizi. Wako wanaofika Idi kanzu zikiwabana. Na wako wanaotwambia kwamba hakuna neno, kwa kuwa swala yenyewe ni mazoezi ya mwili. Maneno haya hatuyapendi. Swala ni ibada, haikuletwa kuwa mchezo wa viungo. Na hata kwa hisabu ya matabibu, rakaa zetu fupi hazifikii zile dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ambazo mtu mzima anashauriwa kuzipata. Kinachofikia ni kwenda msikitini kwa miguu na kurudi, ambako kuna thawabu yake ya hatua kwa hatua, lakini siku hizi tunamwona mtu akisimamisha tuktuk kwa safari ambayo mwadhini asingeimalizia adhana.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maneno ya darsani na kwamba tabia ya mtu haibadiliki kwa kubadili mahali. Basi na atazame ushahidi wa mbali. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenziwe walitangaza walichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya orofa mbili ya London. Madereva, waliokaa kitako siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi mchana kutwa. Walikuwa watu wa mji mmoja na wa kazi moja. Kondakta hakupanda ngazi kwa kuwa ni mcha Mungu kuliko dereva. Alipanda kwa sababu kazi ilimpandisha. Nasi twajiuliza: katika mji wetu ni kazi gani na ni njia gani bado inampandisha mtu ngazi? Vijana wetu waliokuwa wakibeba na kupiga makasia, leo wamekaa nyuma ya kaunta na simu mkononi.

Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imekaribia mpaka wa maradhi. Wengine walipewa dawa ya metformini, nayo ikapunguza hatari ya kushikwa na maradhi kwa sehemu 31 katika 100. Wengine walisaidiwa kula kwa kiasi, kupunguza kidogo uzito, na kutembea jumla ya dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ikapungua kwa sehemu 58 katika 100. Twawaomba wasomaji wasimame kwenye neno "walisaidiwa". Hawakuambiwa tu, "Kajizuieni." Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfuatilia, wa kumfundisha kupika na kununua, wa kumwinua alipoteleza. Na katika Ufaransa ya kaskazini, viko vijiji viwili, Fleurbaix na Laventie, vilivyoanza kazi hii mwaka 1992 kwa kuwafundisha watoto chakula shuleni, kisha madaktari, wenye maduka na wakuu wa mji wakaingia. Mwaka 2004 watoto waliozidi uzito huko walikuwa karibu 9 katika 100. Katika miji ya jirani iliyolinganishwa navyo walikuwa karibu 18. Halikuwa jambo la siku moja. Ilikuwa miaka kumi na miwili, sawa na ile tuliyokaa na ndugu yetu tukimpitishia sinia.

Lakini kwa nini twende mbali? Katika hadithi zetu wenyewe mna kisa ambacho kila mwanafunzi wa darsa amekipita, na labda amekipita mbio. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, naye akamshinda. Miaka ikapita, mwili wake ukajaa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni malipo ya ile. Watu hukisimulia kisa hiki kuonyesha upole wa mume kwa mkewe, na ni kweli. Sisi twaona na jambo jengine. Alipouona mwili wake umejaa hakumhutubia. Hakumpeleka mbele ya watu akamfanyia mzaha kama tulivyomfanyia ndugu yetu. Alimwita wakimbie, naye akakimbia pamoja naye. Na aliyekuwa akikimbia uwanjani ni mwanamke.

Hapo ndipo tunapoirudia ile hisabu ya 38 na 17. Wanawake wetu hawali mara mbili ya wanaume. Bibi zetu walitwanga, waliteka maji, walikuna nazi kwa mbuzi, na kazi zile, kwa ugumu wake wote, ziliuzungusha mwili. Leo, alhamdulillahi, kuna mfereji na mashine ya kusagia. Taabu imeondoka, na hatumtakii mtu irudi. Ila hatukuweka kitu mahali pake. Wanaume jioni wana mpira Makadara, wana ufuo wa Mama Ngina, wana baraza. Mwanamke akitoka kutembea bila ya kikapu cha sokoni huulizwa anakwenda wapi. Akitembea upesi, huulizwa amefukuzwa na nani. Msichana akifika miaka kumi na miwili huondolewa michezoni kwa jina la heshima, kisha akifika arubaini tukamwambia daktari amesema atembee. Stara ni wajibu, na hatuko hapa kuilegeza. Lakini stara haikusema mtu akae kitako. Aliyesema ni sisi, kwa uvivu wa kutafuta mahali.

Kuna na jambo la umaskini, ambalo wahubiri wa afya wenye magari huliruka. Mwenye kipato kidogo hununua kinachoshibisha kwa bei nafuu, nacho ni unga mweupe, mafuta ya kukaangia na sukari. Viazi karai vya mlangoni ni rahisi kuliko samaki, na samaki wetu wazuri hupelekwa hoteli. Kumwambia mama wa watoto sita anunue matunda ya kila namna ni kumtukana kwa lugha laini. Lakini mbaazi na kunde si ghali, mchicha si ghali, na muhogo wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga na hula mafuta machache. Na sadaka zetu je? Tukitoa futari kwa maskini, tunatoa sukari na unga wa ngano. Tungeweza kutoa kunde na tende, na thawabu isingepungua.

Tumeanza na nafsi zetu. Tangu mwezi wa Rajabu, darsani petu sinia la sambusa limeondoka. Hupita kahawa chungu yenye tangawizi, kama walivyokunywa wazee, na tende tatu kwa kila mtu, na katika msimu wake machungwa na mapapai. Mwanzo baadhi ya ndugu walinung'unika, na wawili wakaacha kuja kwa muda, tukajua walichokuwa wakikifuata. Tumekubaliana pia kwamba asiapishwe mgeni katika nyumba zetu: akisema ameshiba, ameshiba. Kiapo hiki kimekuwa kigumu kuliko kuondoa sambusa, maana mama zetu hawakuwa katika kikao kilichokubaliana. Na baada ya swala ya Alfajiri, siku nne kwa wiki, tunatoka pamoja kwa miguu mpaka Mama Ngina na kurudi, mwenye nguvu akimngoja asiye nayo. Mzaha wa matumbo tumeupiga marufuku. Aliyeuvunja mara ya kwanza ni mmoja wa waandishi wa waraka huu.

Mwenye harusi mmoja, baba wa kijana wetu, amekubali kujaribu: wali nusu ya ilivyo desturi, kachumbari na mboga kwa sinia zima, maji mahali pa soda. Anaogopa maneno ya watu. Tumemwahidi kwamba tutakaa katika masinia mbalimbali, na kwamba tutakuwa wa kwanza kuondoa mikono, ili asionekane mtu mwengine kuwa ndiye aliyekasirika.

Ama ndugu yetu, amerudi darsani. Huja kwa magongo, na vijana wawili humpandisha ngazi. Hakutulaumu, na hilo ndilo zito. Usiku wa kwanza aliitazama kahawa na tende, akacheka kile kicheko chake, akasema, "Mmechelewa kidogo, lakini karibuni."

Dada yake ndiye aliyetuletea neno lililobaki. Naye ameambiwa sukari yake iko mpakani. Ametuuliza kwa maandishi: nyinyi mnatoka Alfajiri mnakwenda Mama Ngina, na sisi je? Hatukuwa na jibu. Uwanja wa madrasa una ukuta pande tatu, na upande wa nne waweza kuzibwa kwa turubali. Wanawake wakipewa alasiri mbili kwa wiki, na ufunguo ukawa mkononi mwao, hapana shari tunayoiona. Tumemwandikia msimamizi wa uwanja barua mbili. Hajajibu, na Jumatano ijayo tutakwenda kwake sote, kwa miguu.